Sauti Zilizotangulia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Wanawake Wetu Walioacha Alama

Kila Machi inapokaribia, maswali huanza kuniingia: walimu wanaotafuta mada ya mdahalo, akina mama wa vikoba wanaoandaa sherehe, wanafunzi waliopewa kazi ya kuandika kuhusu "shujaa mwanamke" na kesho ndiyo siku ya kuikusanya. Mengi yanajirudia, na mengine yananipa raha kuyajibu kila mara. Nimeyaweka hapa pamoja. Nimekaa zaidi kwa wanawake watatu, Mekatilili wa Menza, Siti binti Saad na Bibi Titi Mohamed, kwa sababu moja utakayoiona ukisoma.

Kwa nini tunasherehekea Machi 8?

Wazo la siku ya wanawake ya kimataifa lilitolewa na Clara Zetkin, Mjerumani, kwenye mkutano wa wanawake wa kisoshalisti mjini Copenhagen mwaka 1910. Tarehe yenyewe ilikuja kushika mizizi baada ya wanawake wa viwanda vya nguo mjini Petrograd kuingia barabarani Machi 8, 1917 wakidai mkate, na siku chache baadaye mfalme wa Urusi akaachia kiti. Umoja wa Mataifa ulianza kuiadhimisha mwaka 1975.

Ila tunayo siku nyingine iliyozaliwa kwetu, na inanisikitisha kwamba wengi hawaijui. Julai 31, 1962, wanawake kutoka pembe mbalimbali za Afrika walikutana Dar es Salaam na kuunda umoja wao. Ndiyo maana Julai 31 ni Siku ya Mwanamke wa Afrika. Ikiwa kikundi chenu kinachoka na foleni ya shughuli za Machi, Julai ipo.

Kwa nini unaanzia kwenye ngoma na nyimbo, si shuleni wala maofisini?

Kwa sababu huko ndiko walikokuwa. Ukimtafuta mwanamke wa Pwani wa mwaka 1913 au 1928 kwenye majalada ya serikali, utamkuta kwa nadra, na mara nyingi utamkuta kama mshitakiwa. Lakini ngomani alikuwa na cheo, alikuwa na watu wanaomsikiliza, alikuwa na hazina ya kikundi na sare na ratiba ya wapi wataenda Jumamosi. Vikundi vya lelemama, ngoma ya wanawake wa Pwani, vilikuwa na uongozi wao, vilishindana, vilizikana na kuozana. Mtu aliyejua kuwakusanya wanawake hamsini wakaitikia kiitikio kimoja kwa wakati mmoja tayari alikuwa kiongozi, hata kama hakuna aliyempa barua ya uteuzi.

Wanawake hawa watatu waliingia katika historia kwa mlango huo, na kila mmoja alikwenda na sauti yake mahali ambapo hakutarajiwa.

Mekatilili ndilo jina lake halisi?

Jina lake la kuzaliwa ni Mnyazi wa Menza. "Mekatilili" maana yake ni mama Katilili, yaani aliitwa kwa jina la mwanawe, kama tunavyoitana mpaka leo. Alikuwa Mgiriama wa Pwani ya Kenya. Husimuliwa kwamba alipokuwa binti alishuhudia kaka yake akichukuliwa na wafanyabiashara ya watumwa, na hakurudi tena. Mtu aliyeona hivyo hawezi kuwa mwepesi kuamini mgeni anayekuja kuomba vijana.

Na ndicho serikali ya Waingereza ilichokuja kuomba. Ilitaka kodi ya kibanda na ilitaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi kwenye mashamba na miradi yake. Mwaka 1913 Mekatilili, wakati huo mjane na mtu mzima, alianza kuzunguka kijiji hadi kijiji akicheza kifudu. Kifudu ni ngoma ya msiba. Watu walitoka kumtazama, wakamfuata, na walipokuwa wengi aliwaambia kilichomleta. Mkutano mkubwa ulifanyika Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, na huko watu walikula viapo viwili: mukushekushe wa wanawake na fisi wa wanaume. Aliyekula kiapo asingemtumikia Mzungu.

Fikiria jinsi alivyochagua. Angeweza kutumia ngoma ya furaha. Alichukua ile ambayo watu huicheza wanapofiwa, na kila aliyeisikia alielewa kwamba kuna kitu kinakufa.

Kile kisa cha kuku na kifaranga ni cha kweli?

Ni simulizi, na nakushauri uisimulie kama simulizi. Inasemwa kwamba kwenye baraza alilokuwepo afisa wa wilaya, Arthur Champion, Mekatilili aliweka kuku na vifaranga vyake chini akamwambia achukue kifaranga kimoja. Alipoinama, kuku alimrukia na kumdonoa. "Ukichukua watoto wetu, utakiona hicho hicho." Wazee wa Kigiriama wameitunza habari hii kwa vizazi kadhaa na mimi naipenda sana, maana kila mtu aliyewahi kufuga kuku anaielewa bila kufafanuliwa.

Yaliyo kwenye kumbukumbu za serikali ni haya: alikamatwa Oktoba 1913 pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni Kisii, upande wa pili wa nchi. Wakatoroka. Wakarudi Pwani kwa miguu. Agosti 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti na vita vikawaka. Mekatilili alikamatwa tena, na baada ya miaka kadhaa akaruhusiwa kurudi kwao. Leo bustani mjini Malindi ina sanamu yake.

Siti binti Saad aliuza vyungu kweli?

Kweli. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika familia iliyotoka utumwani, baba Mnyamwezi na mama Mzigua. Jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Utumwa ulipopigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897 alikuwa binti wa miaka kumi na kitu, na bado akiitwa hivyo. Hakusoma shule wala chuo cha Kurani. Alifinyanga vyungu, akavijitwika, akatembeza mjini akinadi. Mwenye kunadi vyungu huwa na namna mbili tu za kufanikiwa: bei iwe chini, au sauti ifike uani kabla yeye hajafika mlangoni. Yeye alikuwa na sauti.

Mwaka 1911 alihamia mjini moja kwa moja. Huko akakutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa, aliyemfundisha kuimba kwa utaratibu wa taarabu. "Siti", yaani bibi mwenye heshima, ni jina alilopewa na waliomsikia. Tia maanani safari hiyo: kutoka Mtumwa hadi Siti, na hakuna aliyempa nasaba wala mali, ni koo lake tu.

Mbona wapo waliomdharau?

Walikuwepo, na hawakuficha. Walimtungia wimbo wa kumsuta: amekuwa mtu lini, si juzi tu alikuja mjini na kaniki, na kama si sauti angekula nini? Kaniki ni ile nguo nyeusi ya bei ya chini, vazi la watumwa na masikini, na kila Mzanzibari wa zama zile alijua kwamba neno hilo limelenga ukoo wake.

Siti alijibu kwa wimbo. Hakukana kaniki. Alisema kwamba sura nzuri na nasaba kubwa si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Nimewahi kuwasomea majibu hayo wasichana wa kidato cha pili, na msichana mmoja aliyekaa nyuma kabisa akaomba niyarudie ili ayaandike kwenye jalada la daftari lake.

Nyimbo zake zinahesabiwaje kuwa historia? Si burudani tu?

Kabla yake, taarabu iliyosikika kwenye kasri la sultani iliimbwa kwa Kiarabu, mtindo ulioletwa kutoka Misri zama za Sultan Barghash. Siti aliiimba kwa Kiswahili, kwa watu wa Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida mjini Zanzibar, waliokuwa wanaelewa kila neno. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, na santuri hizo zikauzwa kwa makumi ya maelfu katika Afrika Mashariki. Jaribu kupiga picha: santuri inazunguka kwenye mkahawa wa Mombasa au Tanga, watu wameshika vikombe vya kahawa, na sauti ya mwanamke inawasimulia habari ya kesi.

Maana aliimba kesi. Wimbo wake kuhusu Kijiti unasimulia habari ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa. Muuaji, huyo Kijiti, alitoroka akavuka maji, na waliofika kutoa ushahidi ndio walioishia kuadhibiwa. Jalada la kesi ile limeshikwa na watu wangapi? Wimbo umeimbwa na maelfu. Mwanamke yule asingekumbukwa na mtu leo kama Siti hangemuimba.

Siti alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Mwishoni mwa miaka ya 1980, chama cha wanahabari wanawake Tanzania, TAMWA, kilipotaka jina la jarida lake kililiita *Sauti ya Siti*. Na kuna binti mmoja aliyekuwa akijibanza kumsikiliza Siti akiimba, ambaye baadaye mlimjua kwa jina la Bi Kidude, na aliimba mpaka uzeeni kabisa. Alifariki Aprili 2013.

Bibi Titi Mohamed aliingiaje kwenye siasa?

Kwa kupitia ngoma, kama nilivyosema. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akasoma hadi darasa la nne. Alipovunja ungo aliwekwa ndani kama ilivyokuwa desturi, kisha akaozwa angali mdogo. Alipopata nafasi ya kutoka, alitokea kwenye maulidi na kwenye ngoma, na katika kikundi cha Bomba akawa mwimbaji kiongozi. Watu wa mjini walimjua kwa sauti kabla hawajamjua kwa siasa.

TANU, chama kilichodai Uhuru wa Tanganyika, kilianzishwa Julai 7, 1954. Mwaka uliofuata alikuja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza swali rahisi: wanawake wenu wako wapi? Viongozi wakaangaliana. Ndipo Titi alipoombwa aongoze tawi la wanawake.

Sasa angalia alichofanya. Hakuenda kubandika matangazo. Alienda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu akimpata mama mkuu wa kikundi amewapata wote. Ndani ya miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamechukua kadi. Chama kilichokuwa kinahangaika kupata watu wa kusimama kwenye mikutano ghafla kikawa na umati unaokuja umevaa sare, unajua kuimba pamoja, na una mtindo wake wa kufikisha habari uani hadi uani.

Kwa nini wanawake wengi walithubutu kabla ya wanaume?

Swali hili huulizwa na wanaume, na nafurahi wanapouliza. Jibu moja ni la mfukoni. Watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na TANU. Karani aliyeonekana na kadi angeweza kupoteza kazi. Mke wake aliyepika vitumbua barazani hakuwa na bosi. Basi yeye ndiye alichukua kadi, na ikiwezekana akachukua na ya mume akaificha kwenye kanga zake. Wale ambao serikali haikuwaona kuwa ni watu wa kuhesabiwa ndio walioweza kusimama bila hofu ya kufukuzwa.

Jibu la pili ni Titi mwenyewe. Alipopanda jukwaani alizungumza Kiswahili kile kile cha sokoni na harusini. Mama aliyekuwa akimsikiliza hakuhitaji mtu wa kumfasiria.

Ni kweli alifungwa kwa uhaini?

Ndiyo, na usilifiche. Baada ya Uhuru wa Desemba 9, 1961 alikuwa mbunge, akawa waziri mdogo, na UWT, umoja wa wanawake wa nchi nzima, ilipoundwa mwaka 1962 akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Mwaka 1965 alipoteza kiti cha ubunge wa Rufiji. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, lililokataza viongozi kupangisha nyumba. Titi hakukubaliana na sharti hilo, akaachia nyadhifa zake. Mwaka 1969 alikamatwa, mwaka uliofuata akashitakiwa pamoja na wengine kwa njama ya kuipindua serikali, na akahukumiwa kifungo cha maisha. Yeye alikana mpaka mwisho. Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe na akatoka gerezani.

Kilichofuata ni kimya. Mwanamke aliyejaza viwanja aliishi miaka mingi bila kutajwa kwenye hotuba, na ndoa yake pia ilikuwa imevunjika alipokuwa kifungoni. Ilifika 1991, nchi ikiadhimisha miaka 30 ya Uhuru, ndipo jina lake likaanza kurudi kati ya mashujaa. Alifariki Novemba 5, 2000, akiwa kwenye matibabu Johannesburg.

Leo barabara yenye jina lake inapita jirani na Mnazi Mmoja, katikati kabisa ya Dar es Salaam. Niko tayari kubishana na yeyote kwamba nusu ya abiria wanaopita pale hawajui Bibi Titi alikuwa nani. Siku moja nilimuuliza kijana aliyekaa pembeni yangu kwenye daladala. Akanijibu kwa heshima, "Shikamoo mama, nadhani alikuwa mke wa rais." Tulikuwa kwenye foleni, kwa hiyo nilipata muda wa kumsimulia karibu yote, na alishuka kituo kimoja mbele ya alikokuwa akienda.

Mtoto wangu wa darasa la tano amemchagua Bibi Titi. Nimwambie habari za gereza?

Mwambie. Watoto wanaelewa kwamba watu waliofanya kazi pamoja wanaweza kugombana. Ukimpa shujaa asiye na doa wala jeraha, atamsahau baada ya mtihani. Mwambie alipigania Uhuru, kisha akatofautiana na wenzake, akaumia, akasahauliwa, halafu akakumbukwa. Mwache mtoto aulize kwa nini.

Mwana Kupona je? Utenzi wake unamfundisha mke kutii. Huyo naye tumsherehekee?

Hili ndilo swali linaloniweka macho usiku. Mwana Kupona binti Msham alizaliwa Pate, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siu aliyepigana na masultani wa Zanzibar miaka mingi. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa na mjane, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa beti mia na kidogo. "Negema wangu binti," anaanza, yaani nisogelee mwanangu, kisha anaeleza kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima. Ndani yake kuna mafunzo ya dini, adabu na jirani, na kuna beti nyingi za jinsi ya kumhudumia mume, ambazo wasichana wa leo wakizisoma hukunja uso.

Wana haki ya kukunja uso. Mimi mwenyewe siwezi kumpa binti yangu baadhi ya beti zile kama sheria ya nyumba. Lakini naona mambo mawili ambayo sitaki yapotee. La kwanza, ni mama anayekufa na anajua binti ataachwa peke yake katika ulimwengu ambao mume ndiye paa. Anampa silaha zilizokuwepo. La pili, mwanamke wa Siu alishika kalamu katikati ya karne ya 19, kwa hati ya Kiarabu na Kiswahili chake cha Kaskazini, na kazi yake imeishi zaidi ya miaka 160. Mabinti wengi wa Lamu na Pate waliijua kwa moyo. Tumsherehekee kama mtunzi, na tubishane naye kama wajukuu.

Mbona Wangari Maathai umempita?

Sijampita, ila yeye anajulikana tayari, na vitabu vya shule vinamtaja. Alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, akaanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, akapata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata. Ukimzungumzia, kaa kwenye mwaka 1989, alipopinga jumba la ghorofa 60 lililotaka kumeza bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi. Alitukanwa bungeni. Jumba halikujengwa. Mpeleke mwanafunzi Uhuru Park, mwache akae kwenye majani, kisha mwambie.

Tunaandaa sherehe ya kikundi. Tufanye nini zaidi ya sare na keki?

Sare ni nzuri, msiziache, hata kina Titi walivaa sare. Ila ongezeni kitu kimoja: mchague mwanamke mmoja tu na mkae naye siku nzima. Nimehudhuria shughuli ambako majina kumi na mawili yalisomwa kwenye karatasi kwa dakika tano na hakuna aliyetoka na hata moja. Pigeni santuri ya Siti, zinapatikana mtandaoni, zina mikwaruzo lakini maneno yanasikika. Kisha ombeni wazee waliopo waeleze wanachokisikia ndani yake. Mtashangaa nani anajua nini.

Bibi yangu hakuwa maarufu. Nianzie wapi kuandika habari zake?

Anza wiki hii, maana wazee hawasubiri. Usimuulize "historia yako ni ipi", atakwambia hana. Muulize alikuwa kikundi gani cha ngoma na sare yao ilikuwa kanga gani. Muulize kanga hiyo ilikuwa na jina gani na ilikuwa ikimsema nani. Muulize nani alikuwa kungwi wake, upatu wake wa kwanza alinunulia nini, na wimbo gani waliuimba siku ya Uhuru. Weka simu juu ya mkeka irekodi, si mkononi, kwa sababu akiona unaishika ataanza kuongea kama yuko redioni. Mwache aimbe. Akisahau ubeti, usimkimbize, endelea kumenya viazi naye. Nilipomfanyia hivyo bibi yangu mzaa mama, alikaa kimya kwa muda mrefu, akafungua sanduku, akatoa kanga iliyochakaa pindoni, akaanza kiitikio kabla ya shairi, kwa sababu yeye alikuwa mwitikiaji.